Mkutano Uliokuwa Mtulivu Sana

Muleba, Jumanne

Kozini tulifundishwa: ukitaka wanakijiji watathmini wenyewe shamba lao la ujamaa, uliza swali, kisha unyamaze. Leo nimeuliza kwa nini migomba ya kijiji imemezwa na majani, nikanyamaza. Wao pia wakanyamaza, kwa adabu kabisa.

Mwishowe Mama Paulina, bibi aliyeketi mbele, akanionea huruma. "Bwana Maendeleo, kama jibu umelisahau, tutakusubiri."

Nikafunga mkutano. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa ameketi kando yangu, alipoondoka nami nikatia daftari mkobani, wote wakaanza kusema: siku za shamba la ujamaa mwenyekiti huwapeleka kupalilia kahawa yake. Sikuthubutu kulitoa daftari tena.

Mkoa unataka ripoti kesho. Nitaandika kwamba mkutano ulikuwa mtulivu sana. Angalau hilo si uongo.