Namba Uliyonificha

Kijana wangu Oduor,

Leo asubuhi nimelala chali kwenye zulia la sebuleni kwa hiari yangu, mwanamke wa miaka sitini na nane, nikakumbuka siku ya kwanza ulipoingia nyumba hii hapa nyuma ya Adams Arcade. Nilikuwa nimekuandalia chai. Ukaiweka kando ukasema, "Mama Wairimu, lala chini kwanza nione ukiamka." Nusura nikufukuze. Nilikujibu kwamba kulala najua mwenyewe, sihitaji kuajiri mwalimu wa mazoezi.

Lakini wewe ulikuwa umenisikiliza. Wenzako wawili waliokutangulia niliwaeleza vilevile: nilianguka jikoni saa nne asubuhi, nikakaa sakafuni mpaka jirani alipobisha jioni, na binti yangu Wairimu akaapa nikianguka tena atanihamishia kwake Kitengela, nyumba yangu ifungwe. Mmoja akanipima kiuno. Mwingine akanionyesha picha za misuli yake. Wewe ulitaka kujua ninavyoamka. Ulipoona goti langu ukasema, "Hili silijui," ukanituma kwa daktari, ukakataa kuanza mpaka nirudi na karatasi. Tangu lini mtu akakataa kazi Nairobi hii? Hapo nikajua nimepata mtu.

Halafu kuhesabu kwako. Ulihesabu kwa Kijaluo makusudi, ili mimi Mkikuyu nisijue zimebaki ngapi. Achiel, ariyo, adek, ang'wen. Ukifika nne unakwama hapo hapo, ang'wen, ang'wen, ang'wen, na mapaja yangu yanawaka moto. Nikakuuliza kama Wajaluo hawana tano. Ukacheka ukasema, "Tano utaisikia siku utakayoamka bila kushika kitu." Sikumuuliza mtu mwingine, ingawa mji umejaa Wajaluo. Tulikuwa tumekubaliana.

Kisha homa ya siku nne ikakuchukua, wewe uliyekuwa ukija kwa miguu kutoka Dagoretti Corner na hata huhemi. Kwenye maombi ya msiba wako mtu akasema mazoezi hayakukusaidia mwenyewe. Nilimwambia afunge mdomo, na sijatubu.

Nikaacha kila kitu. Kile kiti nilichokuwa nashikilia nikiamka nikakirudisha mezani. Goti likaanza kunisumbua tena, Wairimu naye akanunua kitanda akakiweka kwake, ati kinaningoja. Niliposikia habari za hicho kitanda, nikaanza kutafuta mwalimu.

Walikuja wanne. Niliwauliza swali moja tu: ukikuta shida usiyoijua kwenye mwili wangu, utafanya nini? Watatu walijua kila kitu. Wa nne, Mutua, kijana mpole anayefundisha wazee kule Hurlingham, akafikiri kidogo akasema, "Nitauliza mwenye kujua." Nikamchukua. Sharti langu lilikuwa ahesabu kwa Kijaluo, nikamfundisha mwenyewe, yeye Mkamba. Akauliza, "Na tano je?" Nikamwambia hiyo sina.

Leo nilipokuwa chini, akakivuta kiti akakipeleka mbali. Nilimtazama vibaya, Oduor. Nikageuka ubavu kama ulivyonifundisha, nikapiga goti, nikaweka mikono kwenye paja langu mwenyewe. "Kiwiko hiki usikitupe huko," nilikusikia kabisa ukisema. Nikasimama.

Mutua akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama tu katikati ya sebule, nasubiri namba. Haikuja. Nililia pale mbele ya kijana wa watu, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Alipoondoka nikampigia mama yako. Nikamwambia kuna neno mwanawe aliniahidi, tano ya Kijaluo. "Abich," akasema, akalirudia taratibu ili nilishike vizuri. Kisha akanishukuru, na sijui alinishukuru kwa nini.

Nimemwambia Wairimu kile kitanda awape wageni. Asante, mwanangu. Ulikuwa na umri wa kuwa mwanangu wa mwisho, na ndiwe uliyenirudishia nyumba yangu. Nakuahidi kila asubuhi nitashuka kwenye zulia hili na nitahesabu mwenyewe, kwa sauti, mpaka abich.

Lala, kijana wangu. Kuamka niachie mimi.

Mama Wairimu