Kiu Yangu na ya Mumbua

Langoni, Lamu

Mama Mumbua mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Hujambo? Mgongo wa mama yangu unaendeleaje? Na Mumbua je, anakula, anacheza? Hali yake naitaka kuliko habari nyingine yoyote, na sababu utaiona huko mbele. Mimi bado nasimama kwa miguu yangu na sare ya polisi naivaa, lakini sitakudanganya kwamba ni mzima.

Unakumbuka nilipokuwa likizo mwezi uliopita ulisema suruali imenikimbia kiunoni. Nikakujibu kwamba samaki wa Lamu hawamnenepeshi mtu wa Kitui. Basi niliporudi huku hali ikazidi. Nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni na bado ulimi ni mkavu. Nikiwa lindoni pale gatini, kila mara naomba ruhusa ya kwenda haja, hadi wenzangu wakanipachika majina. Siku moja macho yakaingia ukungu nikashindwa kusoma nambari ya bunduki yangu mwenyewe. Mkubwa wangu akaniamuru niende hospitali.

Daktari alitaka damu, ikapimwe Mombasa. "Uje asubuhi na njaa," akaniambia. "Tangu chakula cha jioni usitie kitu mdomoni."

Sasa sikia nilivyofanya. Huku ni mwezi wa Ramadhani, na chumba nimepanga kwa Bi Zaituni, mjane mwenye roho safi, ambaye hawezi kula ikiwa mtu wa nyumbani mwake ana njaa. Kabla ya adhana ya alfajiri akanigongea mlango. "Bwana Musyoka, amka ule daku! Mtu hafungi na ndaa, utakuya kuanguka ndiani." Mimi nikafikiri hivi: wote wanaokula daku wanahesabiwa wamefunga, wala hakuna anayewaambia wamekula. Basi na mimi nimefunga. Nikala tambi za nazi na sukari, nikashushia chai, nikaenda zangu kutoa damu.

Majibu yaliporudi, sukari imejaa kwenye damu. Daktari akaniuliza nilikula nini. Nilipomweleza alipiga meza. "Bwana askari! Hiyo ni njaa gani?" Akasema kipimo hicho hakifai, turudie. Siku hiyo nilitoka pale naimba. Niliona ugonjwa wangu wote ni tambi za Bi Zaituni. Yeye akajishika kichwa. "Lo, kumbe ni mimi niliyekutia mashakani, mwanangu!" Nikamtania kwamba nitamtia pingu.

Mara ya pili nilifunga kweli, na Bi Zaituni aliufunga mlango wa jikoni, funguo akazilalia. Majibu yamekuja jana. Sukari imepungua kidogo tu.

Daktari alinieleza polepole. Mtu akilala njaa, sukari ya damu hushuka. Yangu haishuki inavyotakiwa. Imebaki humo kwenye damu, mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo unajila wenyewe. Nikamwomba aniambie tena. Kisha nikamsimulia habari za baba, kiu yake ile, mguu wake uliooza, na jinsi tulivyozunguka kwa waganga kumtafuta aliyemroga. Hakushangaa hata kidogo. Mama Mumbua, nililia mbele ya yule mtu na sare yangu mwilini.

Sasa ni sindano kila siku, maisha yangu yote. Kichupa cha dawa Bi Zaituni amekiweka kando ya mtungi wake kisipate joto. Kazini sijui kama wataniweka. Hayo tutayaona.

Lakini sijaandika kwa ajili yangu. Nilipokuwa nainuka, daktari aliniuliza kama nina watoto. Nikasema mmoja, binti wa miaka sita.

"Anakunywa maji sana?"

Nikakaa tena. Nilituona mimi na Mumbua tukishindana kumaliza kibuyu, wewe ukitupigia makofi. Nikakumbuka alivyoanza tena kulowesha mkeka wake, nawe ukamkaripia. Mama alisema, "Huyu kamfuata baba yake," tukacheka sote.

Barua hii anakuletea Kioko, mwenzangu wa kazi, anayeanza likizo leo. Nimemwomba asilale Mombasa. Akifika, mfunge Mumbua mgongoni mwende naye hospitali siku hiyohiyo, Kioko atawasindikiza. Waambie wapime sukari, kwamba baba yake anayo na babu yake tunadhani ndiyo iliyomuua. Mama akitaka aonwe na mganga kwanza, mwambie nimekataa mimi, anikasirikie mimi. Na wakisema mtoto aje na njaa, iwe njaa ya kweli. Unamjua mama, atampenyezea kiazi kwa huruma. Mzuie.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata tulipopelekwa msituni kuwasaka majambazi.

Nisalimie mama, na mdogo wangu anayetuchungia ng'ombe, na dada yako, na mzee wa kanisa, mwambie atuombee. Bi Zaituni anakusalimu, na kila akifuturu anamtaja Mumbua kwa Mungu wake kana kwamba amemzaa yeye.

Na njiani mtoto akiomba maji, mpe. Mpe kila anapoomba. Makofi usimpigie tena.

Ni mimi mumeo,
Musyoka, baba yake Mumbua