Godoro la Yusufu Halikuwa na Tundu

Mama Yusufu,

Ni miaka mingi hakuna aliyekuita hivi. Uliitwa hivyo majuma saba tu, kisha watu wakanyamaza, na Salima alipozaliwa wakakupa jina lake nawe ukaliitikia. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukuita Mama Salima. Ulidhani ni huruma. Haikuwa huruma. Sikuweza kulitamka jina la yule mtoto huku unanitazama.

Nakuandikia kutoka chumba cha nyuma, nyumbani kwa Salima, hapa Kabondo, Kisangani. Miguu imekataa tangu mvua zilizopita, na sasa kifua nacho kimeanza. Sauti yangu haifiki mlangoni. Mkono wa kulia bado unaandika, mradi niupumzishe kila baada ya mistari miwili, kwa hiyo usishangae ukiona herufi zimelala.

Mjukuu wetu Rehema, uliyemwacha bado anavaa sare ya shule, ana mimba ya miezi minane. Jana baada ya chakula alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu na simu yake. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka mjini, amempa picha achague matandiko ya mtoto, naye atamwagizia.

"Koko, babu yangu, angalia. Hii ya kwanza iko coton bio. Bio, ni kusema pamba haikuonaka dawa, tangu shamba mpaka kiwanda. Hii ya pili iko bio pia, lakini ndani waliweka sufi. Sufi, Koko! Kama ile ya miti ya Yangambi. Leo watu wa mbali wanaitafuta. Wewe ulikuwa agronome, mutu wa mashamba na mbegu, chagua."

Kabla sijafungua kinywa, Salima akasema kutoka mlangoni, mikono yake imejaa pondu, majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga: "Sufi haiingie mu nyumba yangu. Sufi iliua yaya yangu Yusufu, mukubwa wangu. Rehema, unajua hiyo."

"Bon, basi coton."

"Coton, ndiyo. Na mimi nitatia unga kidogo chini yake, ule wa kuua wadudu, wa soko. Kunguni hazijue bio."

Rehema alicheka hadi akashika tumbo. Mimi nikasema hapana, Salima akasogea kitandani anisikie.

"Hapana nini, Papa? Hapana coton, ao hapana unga?"

Nikasema hapana tena, kikohozi kikanishika. Salima akaniinua, akanipa maji, akamwambia binti yake, "Atasema kesho. Wazee wanachaguaka polepole." Unga wenyewe uko kwenye kipande cha plastiki kilichofungwa fundo, hakina maandishi yoyote. Ameuweka dirishani. Nauona kutoka hapa nilipolala.

Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka misufi iliyokuwa nyuma ya nyumba zetu kule Yangambi, nilipokuwa fundi wa mbegu kwenye kituo cha utafiti? Kiangazi maganda yalipasuka, na sufi ikaruka hadi milangoni. Ulikuwa mjamzito. Uliiokota kwa kikapu, ukafunga kitambaa puani, ukaichambua mbegu moja moja. Ilikunasa kwenye nyusi na nywele. Nilikuambia unafanana na bibi kizee, ukanijibu, "Basi umeniona mapema. Siku nikizeeka usijifanye hunijui."

Godoro ulilishona kwa kitenge cha zamani cha mama yako, kilichofuliwa miaka mingi hadi kikawa laini kama sikio la mtoto. Ulikikunja mara mbili. Mishono yako ilikuwa midogo hivi kwamba mimi, niliyezoea kuhesabu mbegu, nilishindwa kuihesabu. Mama yangu alikuja kutoka Kisangani kututembelea, akaligeuza, akalibonyeza, akakosa pa kulaumu. Nadhani lilimuuma hilo.

Kisha wakaja kunguni. Yusufu alitokwa na alama nyekundu shingoni. Uliniambia tutoe kitanda nje, tumwage maji yanayochemka kwenye maungio yake, tulianike godoro juani siku tatu. Nikasema hayo ni mambo ya kijijini. Ukacheka: "Eh, Monsieur l'agronome! Kunguni nazo zinakuuliza diplôme?" Nami nilicheka, lakini maneno yale yalinichoma.

Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwangu. Mle ndani palikuwa na unga wa kuulia wadudu wa mbegu, na amri ilikuwa wazi: usitoke nje ya ghala. Mlangoni palibandikwa karatasi ya Kifaransa iliyoeleza dalili za mtu aliyedhuriwa nao: mate kumtoka, jasho, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, nyama za mwili kurukaruka. Niliijua kwa moyo. Mimi ndiye niliyewatafsiria wafanyakazi kila mwezi.

Niliuleta nyumbani ndani ya kisanduku cha kiberiti. Nilijiambia kidogo hakidhuru. Asubuhi moja ulipokwenda mtoni kufua, nililigeuza godoro, nikaunyunyiza upande wa chini, nikausugua kwa kiganja hadi ukaingia kwenye kitenge, nikaligeuza tena. Halafu nikanawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Nakuomba ulione hilo, Mama Yusufu. Mikono yangu niliikumbuka.

Siku ya tatu, adhuhuri imepita, uliniita. Mtoto alikuwa ametapakaa mate, amelowa jasho, mguu mmoja unarukaruka peke yake. Nikamfunua kope. Niliziona mboni zake. Nilikimbia naye hadi zahanati, wewe nyuma yangu na kandambili moja mguuni. Mwuguzi aliuliza swali lililofaa: "Kuna dawa yoyote aliigusa, ao aliimeza?" Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kusoma.

Nikasema, "Hapana."

Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Labda niliogopa kunyang'anywa ufunguo. Labda nilikuogopa wewe, uliyesimama pale unahema, ukiamini kila nilichosema. Wakamtibu homa. Kabla ya alasiri Yusufu alikuwa amekwisha. Kama kabati la zahanati ile lilikuwa na kitu cha kumwokoa, sijui, na nitakufa bila kujua. Ninachojua ni kwamba niliulizwa, na jibu nilikuwa nalo.

Baada ya mazishi mama yangu alikuambia mbele ya wanawake wote, "Uliacha tundu. Sufi imeingia mu kifua ya mutoto." Ulikaa kizingitini ukalifumua godoro, mshono baada ya mshono, ukitafuta tundu. Ulitafuta hadi jua likashuka. Vidole vyako vilikuwa vinapita kwenye unga ule ule, nami nakuona. Nilichoweza kusema ni "Acha, utajichosha." Nikakunyang'anya, nikalichoma nyuma ya nyumba. Hilo nalo ukalidhani huruma.

Hukushika sindano tena. Sare za Salima zikichanika ulizipeleka kwa jirani, ukasema macho yako yamechoka, wakati macho yako yalimwona samaki ndani ya maji ya mto. Ukamfundisha binti yetu kwamba sufi inaua. Uongo wangu ukawa sheria ya nyumba, na wewe ukawa mlinzi wake.

Sikiliza sasa. Hukuacha tundu. Mishono yako ilikuwa mizima yote.

Nilikaribia kukuambia ulipokuwa kwenye ugonjwa wako wa mwisho. Nilikaa karibu nawe, neno limefika kwenye meno. Ukanishika kidole ukasema, "Umenitunza vizuri." Nikalimeza. Jana nililimeza tena, mbele ya simu ya Rehema.

Wananingoja nichague. Nikisema sufi, Salima atadhani akili zimeniacha. Nikisema coton, unga utakwenda chini yake. Asubuhi hii nilijaribu kuifikia ile plastiki dirishani. Nilishusha mguu mmoja sakafuni, na huo ndio uliokuwa mwisho wa safari. Salima alinikuta nusu kitandani nusu chini, akanigombeza: "Papa, wewe iko mutoto sasa?" Nikataka kumwambia ni kwa ajili ya mtoto. Pumzi haikutosha. Na hata ningeifikia, soko limejaa plastiki nyingine kama ile. Mimi niliyekuwa na funguo za ghala zima leo siwezi kuuhamisha unga wa kijiko kimoja. Kilichobaki kwangu ni karatasi hii.

Kwa hiyo barua hii sitaifunga. Rehema ataisoma kwanza, kwa sauti, mama yake akiwepo. Unisamehe kwamba wewe mwenye barua utakuwa wa pili, kama ulivyokuwa wa pili katika kila kweli ya nyumba yetu. Huenda Salima hatakuja tena kuniinua ninywe maji. Siwezi kumchagulia. Wakitaka coton, iwe coton. Wakitaka sufi, misufi haijamkosea mtu. Wakifue kitambaa, walianike godoro juani siku tatu, wamwage maji ya moto kwenye maungio ya kitanda, kama ulivyosema. Mtoto alale juu ya kitu ambacho mkono wangu haukukigusa.

Msamaha wako siuombi. Huwezi kujibu, nami nimekwisha kuishi mno kwa kunyamaza kwako.

Nasikia kandambili za Rehema uani, anatembea taratibu kwa sababu ya uzito. Anakuja na simu yake kuuliza nimechagua ipi. Nitampa hii.

Pumzika, mwenye mishono midogo. Mkono umefika mwisho wa nguvu zake.

Mumeo,
Papa Yusufu