Kahawa ya Mlangoni

Pitalito, 14 Novemba

Kaka Wilmar,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Bogotá imekuachia kifua. Mama yako hajambo. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii; hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Unajua tangu Machi ushirika wetu wa kahawa unayumba. Meneja, Don Gildardo, aliniita akanitaka nipitie matumizi yote ya mwaka, nimletee orodha ya vya kupunguza. Nilipitia wiki mbili. Ndipo ikatoka amri kwamba kahawa ya mlangoni imefutwa, na mama yako, aliyewapikia wakulima kahawa hiyo miaka kumi na tisa, akapewa barua ya kuachishwa kazi na asante.

Toka hapo mambo yakaharibika. Unawajua wakulima wetu: mtu ameshuka na nyumbu wake wa mizigo tangu alfajiri, magunia yanangoja kupimwa unyevu, foleni haisogei. Kilichomshikilia pale ni kile kikombe, na mama yako kumuuliza habari za mguu wa mkewe. Kikombe kilipoondoka, kungoja kukawa hakuvumiliki. Mzee Arcesio alisimama mlangoni akasema, "Kahawa nailima mimi, halafu nanyimwa hata ya kulowesha koo? Basi pimeni hewa." Akapakia magunia yake, akavuka barabara kwa mnunuzi binafsi. Wenzake wakamfuata. Tuliokoa bei ya sukari guru na mshahara mmoja mdogo. Kufikia Oktoba tulikuwa tumepoteza theluthi ya mzigo.

Yule mnunuzi si mjinga. Amemwajiri mama yako kwa nusu ya mshahara wa zamani, awapikie wakulima walewale. Kila asubuhi, kabla hajaingia kazini, hupita dirishani kwangu na kikombe cha kahawa ya moto. Jana aliniambia, "Usijitese, binti yangu. Najua ulinipigania, ila Don Gildardo ana kichwa kigumu." Nikashukuru, nikanywa. Niliimaliza yote, Wilmar.

Kaka, sikumpigania. Jina lake nililiandika mimi. Wala si kwamba sikuona pengine pa kukata. Kinachotumaliza ni malori tunayokodi kwa shemeji yake Don Gildardo, mara mbili ya bei ya mjini. Nililiona hilo siku ya kwanza kabisa. Niliogopa kupoteza kazi, nikatafuta matumizi yasiyo na mtetezi, nikamkuta mama yangu wa ubatizo. Naona aibu hata kuandika.

Jumamosi kuna mkutano wa wanachama. Nitasoma habari za malori mbele ya wote, wakinifukuza wanifukuze. Lakini Ijumaa nitavuka barabara nimwambie mama yako kwanza. Najijua nilivyo mwoga, ndiyo maana barua hii inaondoka leo na basi la asubuhi. Nisipomwambia mimi, mwambie wewe.

Msalimie mkeo, na mtoto mbusu shavuni. Ukijaliwa kunijibu nitafurahi, hata kama ni kwa matusi. Usipojibu nitaelewa.

Ni mimi dada yako wa ubatizo,
Nubia