Karatasi za Sauti ya Juu

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo unakuacha ulale, na kwamba hotelini wamewaletea feni ya chumba cha pasi. Mimi mzima, ila miguu inawaka kwa kusimama dukani.

Kaa kwanza ndipo usome. Nimejiandikisha kwenye usaili wa tamthilia ya nyimbo, ile kubwa ya ukumbi wa jiji. Kila mtu lazima aimbe wimbo mmoja wa kale wa lugha ya kigeni. Nimepata mwalimu, mpiga piano, mama mtu mzima, ananifundisha kila Jumamosi na hataki malipo. Amenipa wimbo wa Kiitaliano wa mwanamke aliyemfungia mtu mlango, kisha akabaki nyuma ya mlango akisikiliza hatua zake. Naurudia stoo, kati ya maboksi ya viatu. Jana meneja alichungulia akauliza nagombana na nani.

Usaili ni tarehe 7 Machi. Niombee.

Kitindamimba wako


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, feni bado tunaisikia kwenye mikutano. Nimefurahi, lakini barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama palepale. Hataki malipo kwa nini? Miaka ishirini nanyoosha mashuka ya watu, sijaona mkono unaofanya kazi bila sababu. Na huo wimbo kauchagua nani, wewe au yeye?

Nijibu haya bila kuruka hata moja. Ana kovu kidevuni? Kabla ya kucheza anavua saa? Akiivua anaiweka wapi?

Usimwambie lolote kunihusu.

Mama yako


19 Februari

Mama,

Shikamoo. Umenitisha. Kovu lipo, dogo. Saa anaivua, anaitumbukiza ndani ya kiatu chake cha kushoto, halafu anacheza mguu mmoja peku. Wimbo alichagua yeye siku ya kwanza, baada ya kunisikia dakika mbili tu. Alinitazama sana, akaniuliza mama yangu anafanya kazi gani. Nikasema anapiga pasi.

Kuna jambo jingine. Nilinunua karatasi za muziki dukani, lakini yeye ameandika nyingine kwa mkono, kwa penseli nyekundu, na kuushusha wimbo wote. Anasema kule juu sauti yangu inabanwa, kwa hiyo tunafanyia mazoezi hizo za chini. Na siku ya usaili mpiga piano ni yeye.

Ni nani huyu?

Kitindamimba wako


25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sina hata hamu ya kukuuliza afya.

Huyo ni Vidole. Ndivyo tulivyomwita alipokuwa rafiki yangu wa kula sahani moja. Nami niliimba zamani, sikukuambia kwa sababu hakuna cha kujivunia. Ulikuwa usaili kama huo wako, ukumbi huo huo, na wimbo ni huo huo. Miezi mitatu tuliufanyia mazoezi kwa sauti ya chini, yeye kwenye piano, mimi nimeshika mgongo wa kiti. Siku yenyewe nafungua kinywa, piano inanijia juu. Mstari wa tatu sauti ikanikatika mbele ya watu, na mmoja akacheka. Nilitoka bila kumaliza. Vidole alibaki, na ukumbi ukamwajiri. Sasa niambie nani alifaidika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi alinipandisha, wewe anakushusha ili uonekane huna sauti. Kati ya nyimbo zote duniani akupe huo? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo mkubalie kila kitu, mchekee, na siku hiyo mwekee mbele karatasi za dukani, za sauti ya juu. Atacheza atake asitake, watu wote wanaona.

Mama yako


12 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Siku ya tano leo tangu usaili, na simu unaiacha iite mpaka inachoka. Jirani anasema labda umefurahi ukajisahau. Namjua binti yangu, akifurahi mtaa mzima unapata habari. Akinyamaza kuna aliyemuumiza, na aliyekuumiza namjua.

Sema alichokufanyia. Nauli ninayo, nitakuja nimkabili mwenyewe.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikupokea simu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua na nani.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwekea za dukani. Alizitazama, akanitazama, akavua saa akaiweka kiatuni. Akaanza kucheza, na muziki ulikuja chini, vilevile tulivyozoea. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi za juu na vidole vyake vinacheza za chini. Niliimba mpaka mwisho, Mama. Sikukatika popote. Wamenichukua, nitaigiza mmoja wa majirani wanne kwenye tamthilia, nina mistari sita ya peke yangu.

Baadaye nilimwomba radhi nikilia. Akasema, "Yule wa kwanza alipoweka za juu, nilidhani ameamua mwenyewe. Sikumuuliza. Safari hii sikutaka kudhani." Akafungua droo akanionyesha karatasi kuukuu za sauti ya juu. Jina lako liko pembeni, kwa mwandiko wako. Amezitunza miaka yote hiyo.

Hakukusema vibaya. Alisema tu nikuulize ulikuwa na nakala ngapi.

Kitindamimba wako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Mistari sita si haba, nimemwambia mpaka mleta sabuni.

Barua hii nimeianza mara nne. Nakala zilikuwa mbili. Nilinunua ya juu kwanza kwa majivuno, ikanishinda, ndipo tukahamia ya chini. Zilifanana majalada. Asubuhi ile nilichelewa nikachomoa moja mezani nikakimbia.

Jioni niliporudi niliikuta ya chini palepale mezani, jalada limewekewa kikombe. Nilielewa hapohapo, mwanangu, hata viatu sijavua. Vidole alikuja kubisha siku tatu mfululizo. Nilikaa nyuma ya mlango nikimsikiliza anavyoshuka ngazi. Nisingeweza kufungua bila kusema ni mimi, na kumchukia yeye kulikuwa rahisi kuliko kujichukia. Miaka ikapita, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini ninachosimulia. Nikataka mpaka wewe uamini. Ungekatika mstari wa tatu kama mimi, na ningemlaumu yeye tena. Nisamehe.

Ile ya chini nimeiweka humu ndani. Alama ya kikombe bado iko, ataiona. Mpelekee, mwambie sitaki anijibu.

Hapana, usimwambie hivyo. Mpe anwani yangu. Mwambie nafika nyumbani saa kumi, na akibisha nitafungua.

Mama yako