Gari la umeme lilituzimikia na mgonjwa, mume wangu anataka niseme ni tope

Bi Arafa mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Murusagamba, naomba unishauri kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna mtu anakuja kuchukua gari letu na mimi ndiye nimeficha ufunguo, na mume wangu ameshaanza kunitazama kwa jicho ambalo sijalizoea.

Naitwa Irine, mume wangu ni Aristides, ana Probox ya abiria, hizi tunazoziita mchomoko, amekuwa akibeba watu kutoka huku kwenda Ngara mjini tangu kabla sijamzaa Keza, mtoto wetu wa kwanza, na gari hilo ndilo limetulisha, lakini kusema kweli petroli ilikuwa inatumaliza, kwa sababu huku tunauziwa kwenye chupa kwa bei ya juu kuliko kituoni, na barabara yetu unaijua, leo bushi, kesho shokapu, mwezi ukiisha unaona umewafanyia kazi wauza mafuta na mafundi. Sasa kaka yake mkubwa, shemeji Clever, yuko Uingereza, mji unaitwa Leicester, anafanya kazi ya kutunza wazee, na kule anaendesha gari la umeme, na kila akipiga simu ya video anatuonyesha jinsi anavyolichomeka nje ya nyumba kama anachaji simu, halina oili ya kubadilisha, halina plagi za injini, analichaji usiku kwa sababu kwao umeme wa usiku ni nafuu kuliko wa mchana, anasema anachotumia wiki nzima ni kidogo kuliko petroli aliyokuwa anaweka kwa siku mbili. Mwaka huu akanunua lingine jipya, akasema lile la zamani badala ya kuliuza huko atamletea mdogo wake, usukani uko kulia kama wa kwetu, akalipia meli, akalipia bandari, likapandishwa lori Dar es Salaam hadi Ngara, na sharti lake likawa moja tu, kwamba Probox iuzwe na hela hiyo imalizie kupaua nyumba ya mama yao, Mama Adelfina, ambaye kuta zake zimesimama bila paa tangu mwaka juzi na mvua inazila.

Bi Arafa, sitaki kulisingizia lile gari. Wiki za kwanza tulifurahi, halina kelele, abiria walikuwa wanaulizana kama limewaka, na umeme wa kulijaza hauzidi bei ya lita tatu za petroli ingawa luku yetu haina bei ya usiku wala ya mchana. Lakini nikaanza kuona kwamba shemeji alisema likijaa linatoka Leicester hadi London, na huku kwetu likienda mjini likiwa limejaa, kurudi anarudi roho mkononi, na umeme ukikatika usiku asubuhi hakuna safari, na madereva wenzake kituoni wakaanza kuliita pasi, wakimwona wanamuuliza, “Aristides, pasi imepata moto?” Yeye anacheka nao lakini akifika nyumbani hasemi na mtu.

Sasa yaliyotokea. Rafiki yangu Eustakia, tunalima mashamba yanayopakana, alishikwa na uchungu mchana mmoja mvua ikinyesha, akaanza kutoka damu, muuguzi wa kituo cha afya akasema huyu apelekwe hospitali ya wilaya sasa hivi, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshapeleka mwingine. Mumewe Privatus akaja kwetu mbio, amelowa, hana hata viatu. Magari yote mawili yalikuwa uani, Probox ikimngoja mnunuzi wake, Yahaya.

Nikamwambia mume wangu, “Baba Keza, chukua Probox.”

Akasema, “Probox imeshaoshwa, ni ya Yahaya hiyo. Hili lina nusu na zaidi, linatosha.”

“Umeme ulikatika usiku, halikujaa.”

“Nimesema linatosha, Mama Keza. Ingieni.”

Nilijua kwa nini anasema hivyo, alitaka watu wote waone pasi imemfikisha mgonjwa hospitali, na mimi nilijua na nikaingia, nikakaa nyuma na kichwa cha Eustakia kwenye mapaja yangu, Privatus mbele. Tulipoanza kupanda vilima namba za betri zikawa zinashuka kama mtu anahesabu kurudi nyuma, tope lile, mlima ule, taa, vipangusa kioo, vyote vinakula betri ileile. Nikamnong'oneza mume wangu, “Zinashuka.” Akanijibu kwa sauti ya chini ninyamaze, mgonjwa atasikia. Akazima taa, akazima vipangusa, akawa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha mvua inampiga usoni, na Eustakia ananiuliza, “Irine, tumefika?” namwambia tumekaribia, na hatukuwa tumekaribia. Mara kikawaka kipicha cha kobe pale mbele ya usukani, gari likaanza kutambaa, halafu likasimama katikati ya mlima. Privatus alishuka akasukuma peke yake huku analia. Lilisogea kidogo, likarudi.

Mungu si Athumani, ikatokea Fuso ya ndizi nyuma yetu, tukampandisha Eustakia juu ya mikungu, tukamfunika turubai, nikawa namshikilia kila Fuso ikiruka, mikono yangu imejaa damu sijui kama bado anapumua au ni mtikisiko wa gari. Alifanyiwa upasuaji. Alipona, mtoto ni wa kike, naye mzima, lakini daktari alituambia wazi kwamba tungechelewa kidogo zaidi tungerudi na maiti.

Tuliporudi mume wangu aliwaambia watu wote, na Privatus pia, kwamba tulikwama kwenye tope. Nilipomuuliza chumbani alisema, “Ukisema ni betri, kaka ataonekana ametutupia takataka, Mama hatapata paa, na mimi nani atapanda gari langu tena? Wewe unataka nini hasa?” Shemeji akipiga simu anaambiwa linakwenda safi. Na Eustakia, Bi Arafa, ametoka hospitali, na juzi amemtuma Privatus atuletee ndizi za kupika kutushukuru kwa kumwokoa, nilizipokea nikiwa siwezi kumtazama usoni, na zile ndizi bado ziko jikoni, sijazimenya.

Nikauchukua ufunguo wa Probox nikaufukia kwenye debe la unga wa muhogo. Mume wangu anautafuta, hajaniuliza, lakini anajua. Yahaya ni mfanyabiashara wa Biharamulo, mtu wa heshima, anakuja Jumamosi. Nikiutoa ufunguo, huku kwetu tutabaki na gari lile peke yake, na wapo wajawazito wengine. Nisipoutoa, mama mkwe anakosa paa kwa ajili yangu na ndoa yangu sijui. Nifanye nini?

Irine, Murusagamba

*

Marahaba, mwanangu Irine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa Jumamosi iko karibu jibu hili nimekusomea kwa simu kabla halijachapwa. Pole. Kushikilia mtu anayetoka damu juu ya mikungu ya ndizi si jambo la kusahau upesi, na ukijikuta unashtuka usingizini usijione mwendawazimu.

Sasa nikuambie ukweli. Ufunguo utoe kwenye unga leo hii. Ukiendelea kuuficha, wewe na mumeo mtagombana juu ya ufunguo, na jambo lenyewe mtalipita pembeni. Umkabidhi mkononi, useme kwa mdomo wako, “Mimi ndiye niliyeuficha, na sababu ni hii.” Umekuwa jasiri wa kufukia, kuwa jasiri wa kusema.

Kuhusu magari, shemeji yako hakudanganya. Kosa lake ni kupiga hesabu ya Leicester akaipeleka Murusagamba. Nimemuuliza Taufiki, fundi wa hapa Biharamulo ambaye ameshafungua magari kama hilo, akanieleza kwamba betri ikizeeka haibebi tena kile ilichobeba ilipokuwa mpya, na mlima na tope vinaila mara mbili ya lami. Shemeji yako anapita lami, akiishiwa pana pa kuchomeka njiani, likiharibika yupo wa kulitengeneza. Ninyi mkiishiwa mna kobe. Ni kweli gari la umeme lina gharama ndogo kwa siku: umeme rahisi, hakuna oili, vipuri vichache. Lakini siku betri yenyewe ikifa, bei yake inaweza kukaribia bei ya Probox nzima, na hilo hakuna aliyewaambia. Petroli inauma kila siku kidogo kidogo, hii inauma mara moja. Mtu anayelinganisha magari mawili aanze na kuuliza linapita wapi na linabeba nani, bei ije baadaye.

Kwa hiyo Probox isiuzwe. Ibaki kwenye njia ya Murusagamba, hasa masika. La umeme lihamie Ngara mjini, lilale kwa ndugu mwenye umeme wa uhakika, lifanye safari fupi za lami, na lisitoke likiwa chini ya robo tatu. Mapato yake yote yaende kwenye paa la mama mkwe mpaka bati la mwisho, na wewe mwenyewe ndiye uende kumweleza Mama Adelfina, upige magoti, usimtume mtoto. Atanuna. Ana haki ya kununa. Yahaya apigiwe simu leo, asifunge safari ya bure.

Mumeo sasa. Aristides, najua utasoma hapa. Kuchekwa kituoni kunauma, sikatai, lakini ulimchukua mwanamke anayekufa ukamfanya jibu la wale wanaokucheka. Kosa la barabarani lingeweza kumtokea dereva yeyote. La tope ulikaa chini ukalitunga. Mwambie kaka yako ukweli, yeye ni mtu mzima, ametuma gari kwa upendo na hatakufa kwa kusikia kwamba betri imechoka. Asipoambiwa, kesho atamtumia ndugu mwingine lingine kama hilo.

Na wewe Irine, usijitoe. Ulijua gari halikujaa ukaingia, kisha mumeo akasema tope nawe ukapokea ndizi. Nendeni wote wawili kwa Privatus na Eustakia kabla ya Jumamosi. Msipeleke zawadi. Semeni ilikuwa betri, na mlijua gari halikujaa. Wakikasirika, kaeni mpokee hasira yao mpaka iishe, msijitetee. Aristides akikataa kwenda, nenda peke yako, umwambie kabla hujaondoka kwamba unakwenda. Kumtii mume hakufiki mahali pa kumdanganya mwanamke juu ya uhai wake.

*

Wasomaji wangu, Irine alinipigia Jumapili baada ya ibada, na amekubali niwaeleze.

Alimpa mumewe ufunguo Alhamisi jioni. Aristides aliushika, ukiwa bado na unga, akatoka nje. Irine alidhani anakwenda kumpigia Yahaya aje mapema. Aliporudi alikuwa amempigia kaka yake. Clever akauliza swali moja tu: “Yule mama na mtoto wake, wako hai?” Alipoambiwa ndiyo, akasema Probox isiuzwe, na akakata simu. Hajapiga tena tangu siku hiyo.

Yahaya alikasirika, akasema hatakanyaga tena Murusagamba kutafuta gari. Mama Adelfina amepokea habari ya paa kwa kumwambia Irine, “Nimesikia,” na mpaka Jumapili lilikuwa ndilo neno pekee alilomwambia.

Ijumaa walikwenda kwa Privatus. Eustakia alikuwa ananyonyesha. Aristides alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaanza kusema, “Siku ile kule mlimani, halikuwa tope,” na hapo sauti ikamkatikia.

Privatus hakumsaidia. Alimwacha asimame hivyo mpaka aliposema yote: betri, umeme uliokatika, Probox iliyokuwa uani.

“Mimi ndiye niliyelisukuma lile gari, Aristides,” Privatus akamwambia. “Magurudumu hayakuwa yamezama hata kidogo. Nimejua tangu siku ile.”

“Sasa zile ndizi ulituletea za nini?”

“Eustakia ndiye aliyezituma. Yeye hakujua. Mimi nilizileta nikakutazama, nikasema labda leo atasema.”

Eustakia alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mtoto. Irine anasema alingoja kufukuzwa, na alishajiandaa. Eustakia alinyanyua uso, akamtazama yeye, si Aristides.

“Nilikuuliza kama tumefika,” akasema.

“Uliniuliza.”

“Siku nyingine niambie kweli.”

Akamwondoa mtoto kifuani, akamkabidhi Irine amshike, akaenda kulala.