Nusu Uso wa Shabani

Jumatatu, 8 Julai

Nimeosha vyombo, nimefagia, nimekaa. Eda ndiyo hii. Kutoka sitoki, na kompyuta ya marehemu iko palepale sebuleni, inanikodolea. Ukiiacha bila kuigusa inaanza kupitisha picha zetu moja moja. Skrinseva, Shabani alikuwa akiiita. Zamani niliipenda. Sasa picha zote zimeharibika. Harusi yetu imekatika vipande, mistari ya kijani imepita katikati. Mwanangu Rahma hana kichwa. Shabani kabaki nusu: jicho moja, sikio, shavu. Chini yake kijivu kitupu.

Kazi ya shemeji Idi hiyo. Siku ya hitima alitaka picha za kaka yake kwenye simu. Badala ya kunakili akazihamisha, tena akachomoa waya hazijamaliza. Kule hazikufika, huku zimebaki hivi.

Jumanne, 9 Julai

Leo hasira zangu ni kwa Shabani mwenyewe. Mungu anisamehe. Printa alikuwa nayo humu humu ndani! Kawasafishia picha mji mzima, za pasipoti, za harusi, hata watu wa Makurunge walikuja. Zetu? "Kesho, mke wangu." Mganga hajigangi. Simu yake ilisagika naye kwenye ajali. Yangu ni kitochi, haipigi picha.

Rahma ana miaka miwili. Lile jicho moja likipita anaacha kucheza, anagusa kioo. "Baba." Hana baba mwingine zaidi ya huyo.

Ijumaa, 12 Julai

Jirani yangu Mama Zawadi kaja kunipa pole. Pole gani! Picha zilipoanza kupita akaruka: "Astaghfirullah! Hiki kitu kina shetani!" Mtu anayeogopa shetani hukimbia. Yeye katoa simu, kapiga picha. Akawaonyeshe wenzake. Nikanyanyuka bado anapiga, nikamfukuza mbele ya mama mkwe.

Mwenye eda hapigi kelele, wanasema. Nimepiga. Mama mkwe kaninunia mpaka magharibi. Na anune.

Jumamosi, 13 Julai

Idi kaja kuichukua kompyuta. Hapaswi kuniona, kwa hiyo kasimama barazani na mama mkwe akawa anapeleka maneno huku na huku. Nimesema: aipeleke kwa fundi Dar, picha zirudishwe, kingine kisiguswe. "Sawa, shemeji. Sawa, sawa." Kaifunga kwenye bodaboda kwa kanga yangu. Roho iko juu.

Meza tupu. Rahma anaizunguka.

Alhamisi, 18 Julai

Imerudi. Nimewasha, inawaka haraka, safi kama imetoka dukani. Nikaiacha, nikasubiri.

Maporomoko ya maji. Milima ya theluji. Maua.

Fundi kasema picha hazitengenezeki, basi Idi akamwambia afute zote. Eti, "Nilitaka shemeji asilie kila siku." Nani kamtuma? Jicho langu moja! Sikio langu! Nimetupa kikombe mlangoni, kimepasuka. Nimepiga kelele mpaka wapita njia wamesimama. Kwanza kamharibu kaka yake, kisha kamfuta. Simsamehe. Mungu akitaka amsamehe Yeye, mimi sina nafasi hiyo.

Rahma kakaa mbele ya maua, anasubiri. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 19 Julai

Sijala. Idi katuma samaki. Nimempa paka.

Jumapili, 21 Julai

Jana ndipo nilipokumbuka ile simu ya Mama Zawadi. Nimezunguka na wazo hilo usiku kucha. Kumwomba yeye! Asubuhi nimemeza mate machungu, nimemtuma mama mkwe.

Mama Zawadi kaja mwenyewe. Kavua viatu mlangoni, kasalimia polepole, kakaa mkekani. Picha hajaifuta. Wala hakumwonyesha mtu, kasema aliona haya baada ya kufukuzwa.

Kwenye picha yake kioo cha kompyuta kimekaa upande. Shabani yumo, jicho moja, sikio, shavu, na mistari yake ya kijani. Na pembeni mimi, mkono juu, mdomo wazi, nafukuza mtu.

Rahma kaishika simu kwa mikono miwili. Kamgusa wa kwenye kioo. "Baba." Kanigusa mimi. "Mama."

Mama Zawadi akasema kesho ataipeleka ikasafishwe. Nikamwambia hapana, dada yangu. Leo. Akainuka, akavaa viatu vyake, akaenda.